Hesabu Miche Mwezi Septemba

Septemba iliyopita nilipiga magoti kwenye mteremko mmoja juu ya Inyala, mkoani Mbeya, upande wa milima ya Uporoto, nikavuta kijiti kikavu kilichosimama katikati ya majani yaliyoungua. Kikatoka bila ubishi. Chini yake kulikuwa na kiriba cheusi, kizima, hakijachanwa popote, na ndani yake mizizi imejizungusha kama uzi. Mtu alichimba shimo, akautumbukiza mche pamoja na plastiki yake, akafukia, akasogea shimo linalofuata. Huenda ni mimi. Siku ile ya Aprili tulikuwa wengi, mgeni rasmi alikuwa njiani, na kila mmoja alitaka mstari wake uishe kabla gari halijafika.

Katika mstari ule nilihesabu vijiti 20. Vyenye jani bichi vilikuwa 3.

Nimejitolea na kikundi chetu cha mazingira kwa miaka sita. Ni kikundi kidogo cha kijiji: wakulima wa viazi, fundi cherehani, vijana wawili wa bodaboda, mwalimu mstaafu, na sisi wachache tunaopanda Coaster kutoka mjini Jumamosi asubuhi. Tunacholinda ni chemchemi moja na kijito chake. Kwenye ramani huioni, lakini vitongoji viwili vinachota hapo, na akina mama wanajua tofauti ya dakika kati ya kujaza ndoo mwezi Machi na kuijaza mwezi Oktoba. Naandika kwa sababu nimechoka kusifiwa kwa miche tuliyopanda. Hakuna mtu hata mmoja kutoka nje ya kijiji aliyewahi kutuuliza mingapi iko hai.

Tuanze na kalenda, maana ndipo tunapopotelea.

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa mtu wa Tanga, Pwani au Kilimanjaro, tarehe hiyo ina maana yake: masika yanashika kasi, na mche utakaoingia ardhini utanyeshewa wiki nyingi. Huku kwetu hatuna vuli na masika ya namna hiyo. Tuna mvua za msimu mmoja, zinazoanza Novemba na kuishia Aprili, na mwaka ukiwa mwema zinajikongoja kuingia Mei. Mche unaopandwa Mbeya, Iringa au Njombe tarehe 1 Aprili unapata wiki chache za unyevu, basi. Kisha unakutana na baridi ya Juni na Julai, na huko juu Uporoto kuna sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayounguza majani ya viazi yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Ukipona hapo, inakuja Agosti na upepo, Septemba na vumbi, Oktoba na moto. Mizizi yenye urefu wa kiganja haiwezi safari hiyo.

Siku ya Mazingira Duniani nayo ni tarehe 5 Juni. Nimeshuhudia miche ikipandwa siku hiyo kwenye ardhi ngumu kiasi kwamba shimo lilichimbwa kwa sururu. Watu waliinama, picha zikapigwa, ndoo moja ya maji ikamwagwa kwenye mche wa mgeni rasmi. Ile mingine iliyobaki iliachiwa Mungu.

Mkulima yeyote wa viazi pale kijijini, hata asiyemaliza darasa la nne, hawezi kutia mbegu yake shambani Juni bila maji ya kumwagilia. Anajua. Inakuwaje basi mtu huyohuyo akivaa fulana ya kikundi anakubali kupanda mti wakati ambao hawezi kupanda kiazi? Nimejiuliza sana. Jibu nililolipata ni kwamba kiazi ni chake, na mti ni wa sherehe.

Sisemi hivyo kuwabeza walioanzisha sherehe hizo. Serikali imeziagiza halmashauri, kila moja, kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na nchi iliyokatwa kama yetu ilivyokatwa inahitaji agizo kubwa namna hiyo. Lakini tazama kitenzi: kupanda. Mtu anayepimwa kwa kupanda atapanda. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, kwa hiyo fedha iliyochelewa njiani inataka kutumika Mei na Juni, na miche inanunuliwa wakati ambao ardhi imeshafunga mlango. Mfadhili naye anataka ripoti yenye namba. Afisa anataka ripoti yenye namba. Kikundi kinachotaka kuonekana kinatoa namba. Hakuna aliyedanganya, miche kweli ilipandwa, na mlima umebaki kama ulivyokuwa.

Kuna kalenda nyingine ambayo watu hawaisemi, nayo ni ya vyuo. Mbeya ina wanafunzi wengi wa vyuo, na wengi wao wana moyo. Wakija, wanachapa kazi mpaka unasahau uchovu wako. Lakini vyuo vikuu hufungwa kuanzia Julai au Agosti hadi Oktoba na zaidi, yaani wanaondoka kwenda kwao wiki zilezile moto unapoanza kutembea milimani. Tunawapata wakati wa kupanda na kuwakosa wakati wa kulinda. Sio kosa lao. Ni sababu nyingine ya kukubali kwamba uti wa mgongo wa kikundi cha mazingira lazima wawe watu wanaoamka kila siku wakiutazama mlima huo.

Na kulinda kwenyewe ni kazi gani? Ni kazi isiyopendeza kwenye picha. Unapalilia kisahani kuzunguka kila mche, mduara wa upana wa hatua moja, ili majani yasiulemee na moto wa chini usiufikie. Unarudia baada ya wiki sita, kwa sababu majani hayajui kwamba umechoka. Mei na Juni, nyasi zikianza kukauka, unafyeka kinga moto: njia pana inayozunguka eneo lote, unakwangua mpaka udongo uonekane. Kinga isiyokwanguliwa ni mapambo, moto unavuka juu ya mabua yaliyolala. Unapita kwa kila mwenye shamba jirani kumwomba asichome mabaki yake siku ya upepo, na akilazimika kuchoma, awaite watu watano wenye matawi mabichi wasimame pembeni. Unazungumza na vijana wanaowinda panya kwa moto. Unazungumza na mrina asali. Unazungumza na mchungaji anayetaka majani mapya. Ukimaliza kuzungumza na wote, unaanza upya, kwa sababu mwaka kesho vijana ni wengine.

Moto wa mwaka juzi niliuona kwa macho. Ulianza mchana, kama saa tisa, kwenye shamba la mtu aliyekuwa anaandaa ardhi akisubiri mvua za Novemba. Tulikuwa saba. Nakumbuka sauti kuliko joto: mlio wa mabua yakipasuka, kisha kimya cha ghafla ulipofika kwenye kinga yetu ya upande wa mashariki na kukosa cha kula. Ukazima wenyewe, pale pale, kama umeambiwa. Upande wa magharibi hatukuwa tumemaliza kukwangua. Zilibaki kama hatua hamsini, tuliahirisha kwa sababu Jumamosi hiyo kulikuwa na msiba. Ulipita hapo. Mivengi yetu, miti ya asili ya huku, ya miaka mitatu na iliyokuwa imenifika kiunoni, iliondoka ndani ya muda wa kunywa chai. Hatua hamsini.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kujitolea ni nini, namwonyesha hizo hatua hamsini.

Sasa niseme neno kuhusu fedha, kwa sababu tukilikwepa tunadanganyana. Wapo wanaosema vijana wa siku hizi hawajitolei, wanataka posho. Nami niliwahi kusema hivyo. Kisha nikamsikiliza kijana mmoja wa bodaboda katika kikundi chetu. Jumamosi ni siku ya mnada, ndiyo siku yake ya kupata hela ya wiki. Kila Jumamosi anayoshika fyekeo, hesabu ya mwenye pikipiki inamsubiri palepale. Anachojitolea yeye kwa saa nne kinazidi ninachojitolea mimi mwenye mshahara kwa mwaka, na bado mimi ndiye ninayetajwa kwenye risala. Kumlipia mafuta na kumpa chakula cha mchana hakuondoi kujitolea kwake, kunamwezesha kujitolea.

Wazee wetu walilielewa hili vizuri kuliko sisi. Kwa Wahehe na Wabena kulikuwa na mgowe: ukiwa na shamba lililokushinda, unaita majirani, wanakulimia, wewe unawapikia chakula na pombe, na zamu ikigeuka nawe unakwenda. Hakuna aliyeita ile kazi ya bure. Ilikuwa deni linalozunguka, na aliyekula pombe za watu bila kwenda kwao alijulikana. Kosa la vikundi vyetu vya leo ni kuuchukua mgowe tukaacha nusu yake: tunaita watu wakalime kwenye chemchemi, lakini hakuna anayewapikia na hakuna zamu inayogeuka.

Nani basi mwenye shamba? Nani anapaswa kuwapikia? Hapa ndipo suala linakuwa zito. Maji ya upande wa kaskazini wa Uporoto hayaishii kwenye ndoo za vitongoji vyetu. Yanateremka bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, yanaingia ardhioevu ya Ihefu, yanatoka kama mto Ruaha Mkuu, yanapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanafika Mtera penye mitambo ya megawati 80 na Kidatu penye 204, na mwisho yanaungana na Rufiji kwenda bwawa la Julius Nyerere. Mpunga wa Kyela hauna uhusiano nasi, maji yake yanatoka upande wa pili wa milima, lakini mchele wa Mbarali unaoliwa Dar es Salaam umenyweshwa na vijito kama chetu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua Jumuiya za Watumia Maji, na jumuiya hizo zinaweza kuchangishana kwa ajili ya kutunza chanzo. Mahali ambapo mlima na bonde wamekaa meza moja, mwenye jaruba la mpunga akatoa mchango wa fyekeo na unga wa wale wanaokwangua kinga moto huko juu, huo ndio mgowe uliokamilika. Kwetu bado. Tumekwenda kikao mara mbili, tumesikilizwa, tumepewa soda.

Hata hivyo sitaki kuwaambia watu kwamba kikundi chetu kitauokoa Ruaha Mkuu. Maneno hayo huandikwa kwenye maombi ya fedha, na yanafanya madhara, kwa sababu watu wakijitolea kwa ahadi kubwa namna hiyo na mto ukakauka tena Oktoba, wanakata tamaa. Mto ule ulianza kukauka ndani ya hifadhi kila kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope. Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba kufikia 2010 utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, na 2008 Usangu ikaunganishwa na hifadhi. Mwaka 2017 kikazinduliwa kikosi kazi mjini Iringa. Na bado. Sababu kubwa ni maji yanayochepushwa bondeni kwenda kwenye mifereji wakati wa kiangazi, mengine yakizagaa bila kurudi mtoni. Hilo linataka mageti, mifereji iliyosakafiwa, vibali vinavyofuatwa na watu wenye madaraka ya kuvisimamia. Miti yetu ya juu ya Inyala haiwezi kulipa deni la mfereji unaovuja Usangu. Inachoweza ni kuifanya chemchemi yetu isife Oktoba. Kwangu hilo linatosha kuamka nalo saa kumi na moja alfajiri, na nadhani vikundi vingi vingedumu zaidi kama vingeahidi kiasi hicho tu.

Ugumu unaonikosesha usingizi hasa ni jirani mwenye bustani.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu chanzo, ndani ya mita 60. Kila mtu anaijua namba hiyo, imepigwa rangi kwenye mabango. Sasa njoo usimame kwenye chemchemi yetu. Ndani ya mita 60 kuna kinyungu cha mama mmoja mjane, vile vibustani vya bondeni vinavyolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi. Hapo anapata mboga na mahindi mabichi mwezi ambao hakuna mwingine mwenye mahindi. Juu yake kidogo kuna milingoti ya mzee mmoja, ile ambayo kwingine huitwa mikaratusi, aliyoipanda zamani kwa ushauri wa watu wa maendeleo wa wakati huo, ili akauze nguzo na kuni asomeshe. Alisomesha. Milingoti ile inakunywa maji sana na inapaswa kuondoka, sina ubishi na hilo. Lakini ukienda kwake na karatasi ya sheria mkononi, unamwambia nini?

Mwaka wa kwanza tulikwenda na karatasi. Tulifuatana na kiongozi wa kijiji na mgambo wawili, tukang'oa mahindi ya yule mama yakiwa yamefika magotini. Nilikuwepo. Hakupiga kelele, alisimama na jembe lake akitutazama. Wiki tatu baadaye kinyungu kilikuwa kimerudi, kimehamia mita chache karibu zaidi na jicho la maji, nyuma ya matete ambako hakionekani, na mtu alikuwa amechimba mfereji mdogo usiku. Tulikuwa tumemtoa mama mahali alipolima mchana tukamwingiza mahali anapolima usiku. Chanzo kiliumia zaidi kwa sababu yetu.

Ilichukua miaka miwili kurudi kwake. Aliyeturudisha ni mwalimu mstaafu, ambaye alikwenda peke yake, akakaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, dada," akamwambia, maana mama ni mkubwa kwake kidogo.

"Marahaba. Leo mgambo umewaacha wapi?"

Akamwomba radhi. Nasema hivyo wazi kwa sababu sijawahi kusikia kikundi cha mazingira kikimwomba radhi mkulima, na sisi tulipaswa. Kisha wakaongea habari za zamani. Mama akamweleza mambo ambayo sisi na semina zetu hatukuyajua: kwamba bibi yake hakuruhusu mtu kuchovya sufuria lenye masizi kwenye jicho la maji, kwamba kulikuwa na mvengi mkubwa pale penye milingoti na chini yake watoto walikatazwa kupiga kelele, kwamba mvengi ule ulikatwa na watu waliokuja kupanda miti. Yeye alikuwa mlinzi wa chemchemi ile kabla yetu.

Makubaliano yaliyofikiwa hayaenei kwenye bango. Mama alivuna msimu wake, akarudi nyuma kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na kikundi kikamlimia kwa mgowe kipande kingine cha familia yake juu ya barabara, tukampelekea na mbolea ya samadi. Leo yuko nje ya jicho la maji, ingawa ukipima kwa futi bado hajafika mita 60. Mizinga ya nyuki minne imetundikwa ndani ya matete, asali ni yake na ya kikundi, na nyuki wenyewe wanawazuia wachunga mbuzi kuliko mgambo walivyoweza. Mzee wa milingoti anakata mstari mmoja kila mwaka, na kila mstari ukiisha tunapanda mivengi na mikuyu. Wapo wenzetu wanaosema tumelegeza sheria. Nawaelewa. Ila nimeona chemchemi ile chini ya sheria iliyokazwa na nimeiona sasa, na yenye maji mengi ni ya sasa.

Tumebadilisha pia namna ya kuhesabu. Daftari la kikundi lilikuwa na safu moja: miche iliyopandwa. Sasa lina safu nyingine inayojazwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na ndiyo tunayoisoma kwanza kwenye mkutano wa kijiji. Tunapanda Desemba, mvua zikiwa zimelowesha ardhi hadi chini, wakati shule zimefungwa na watoto wako nyumbani. Tunapanda michache, ile tu tunayoweza kuipalilia kisahani kwa mikono tuliyonayo. Mtoto mmoja amepewa kazi ya kukusanya viriba. Idadi ya viriba vilivyovuliwa lazima ilingane na idadi ya mashimo, na visipolingana tunafukua mpaka tuvipate. Tarehe 1 Aprili tukialikwa tunakwenda, tunawasalimu wageni, na tunawapa mafyekeo badala ya miche. Mwaka huu mgeni mmoja alivua koti lake, akapalilia visahani kumi na viwili, akauliza kama anaweza kurudi Agosti.

Kinga ya upande wa magharibi tunaanza kuikwangua Jumamosi ya pili ya Mei, saa moja asubuhi, tukianzia pale penye zile hatua hamsini. Mama wa kinyungu amesema uji atapika yeye.